Donge la Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika hapa mjini, na hata mkewe hulitumia pale tu anapotaka kugombana naye kwa heshima. Watu wote humwita Hamira. Asiyemjua hudhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana ameoka mikate tangu ujana wake. Wala. Aliitwa Hamira kwa sababu ya kuumuka. Mwambie tu kwamba mkate wa leo ni mdogo kuliko wa juzi, uone mashavu yanavyojaa, shingo inajaa, mpaka kifungo cha juu cha shati kinaanza kuomba msaada. Mkewe alishagundua dawa zamani: humpa kikombe cha maji baridi na kumpeleka uani, na baada ya muda mzee anashuka mwenyewe.

Duka lao la mikate ni chumba kimoja kirefu. Upande wa ndani kuna tanuri la matofali, kubwa kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala humo, kama angekuwa hana akili. Katikati iko meza ya kukandia, iliyolika mahali pale pale anapokandia Hamira. Upande wa barabarani kuna dirisha la mbao, na hapo ndipo mkewe huuza mikate na kukusanya habari, na habari ndizo huzipenda zaidi.

Mji wenyewe uko karibu na mpaka, karibu kiasi cha watu wa huku na wa kule kuoana na kuzikana. Kwa hiyo vita vilipoanza upande wa pili, hapakuwa na haja ya redio. Watu walianza kuingia kwa miguu. Wa kwanza walikuja na magodoro vichwani. Waliofuata hawakuwa na magodoro. Wa mwisho hawakuwa hata na viatu, na hao ndio waliotembea mbali kuliko wote.

Mji ukageuka haraka. Kambi ikafunguliwa nje kidogo, na kwa sababu ya kambi yakaja magari meupe ya watu wa misaada, na kwa sababu ya magari meupe kila mwenye chumba akagundua kwamba anaweza kuishi bila chumba. Karani mmoja mstaafu alihamishia familia nzima jikoni ili apangishe sebule, akawa anapokea wageni wake wima, mlangoni, kana kwamba ndiyo mtindo mpya. Shule ikagawanywa, watoto wa asubuhi na watoto wa mchana, hivyo dawati halikupata nafasi ya kupoa. Bombani foleni ilianza kabla jua halijajua. Mablanketi ya kijivu ya msaada yalionekana kila dirisha, yakiwa mapazia, na hakuna aliyekumbuka yalivyofika hapo.

Na kila mtu alilalamika. Aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Hamira. "Hawa wageni wametumaliza!" alisema, huku akitoa tanurini mafungu matatu ya mikate, yeye ambaye zamani fungu moja lilimtosha na likabaki. Nani alikuwa anammaliza nani, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mwaka ule ndio alioipaka nyumba yake rangi.

Lakini tusimwonee. Wapo walioumia kweli. Wabeba mizigo wa sokoni hawakupaka rangi chochote, maana kazi yao ilifanywa sasa na mtu aliyekuwa tayari kulipwa chakula tu. Kuni nazo zilipanda kila wiki. Vilima vilivyokuwa na miti karibu na mji vilinyolewa vikabaki vipara, na mwenye tanuri alizitafuta kuni kama anatafuta mchumba. Hamira alikuwa akihesabu kila gogo linaloingia motoni na kuliaga kwa macho.

Halafu hamira ikaisha. Namaanisha ile ya kopo, ya kuumulia unga. Siku zote ilitoka kiwanda cha ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Wenye maduka wakauza makopo ya mwisho, wakauza na vumbi lililobaki rafuni, wakanyoosha mikono. Hamira akajaribu kuoka hivyo hivyo. Mikate ikatoka bapa, migumu, ya kujengea.

"Mzee, huu ni mkate au ni kigae?" aliuliza karani mstaafu, akiugonga kwenye fremu ya dirisha.

Basi mjini pakabaki Hamira mmoja tu anayeumuka, na maji baridi ya mkewe yalitumika sana siku hizo.

Ndipo alipokuja yule mwanamke. Alipiga hodi asubuhi moja, kitenge kimefungwa kifuani, kopo la mafuta limekumbatiwa kwa mikono miwili.

"Hodi, baba. Nilikuja kesho, sikukukuta."

Hamira akaacha kufagia. "Ulikuja lini?"

"Kesho."

"Mama, kesho bado haijafika."

"Imefika, baba. Ikapita. Nilisimama pale pale mlangoni."

Mkewe Hamira alicheka mpaka akashikilia dirisha. Ilichukua muda wakaelewana: kwa lugha ya huyo mama, jana na kesho ni neno moja. Siku iliyo jirani na leo ni siku iliyo jirani na leo, iwe ya mkono huu au ule. Alipojifunza Kiswahili kambini akaokota neno "kesho", akaona linamtosha. "Jana ya nini?" aliuliza. "Nikisema nilikuja, si unajua nimeshakuja? Nikisema nitakuja, si unajua bado? Maneno mawili ya nini?"

"Hata mimi sioni ya nini," alisema mkewe Hamira, na tangu hapo wakawa mtu na dada yake. Mji ukampa mgeni jina la Mama Kesho, na yeye akaitika.

Ombi lake lilikuwa dogo. Hamira akishatoa mikate yake, tanuri hubaki na moto wa kutosha mpaka adhuhuri, na moto huo ulikuwa unakwenda bure. Aachiwe yeye. Ataoka mikate yake kwa joto la kubaki, na kwa malipo atazoa majivu na kuleta mzigo wa kuni kila alipoweza.

Hamira alikuwa ameshafungua mdomo kukataa. Mkewe akajibu, "Karibu, mdogo wangu," na mdomo wa Hamira ukafungwa ukiwa mtupu.

Ndani ya kopo mlikuwa na donge la unga mbichi, lenye matundu, lenye harufu kali ya kuchacha.

"Hicho kimeoza," alisema Hamira.

"Kimechacha, baba. Ndiyo kazi yake."

Akamwonyesha. Unalitoa donge kuukuu, unalikanda pamoja na unga mpya, la kuukuu linauumua mpya. Kabla hujaoka, unakata donge jingine la kufanyia kazi ya siku inayofuata. Lakini chini ya kopo lazima kibaki kidogo cha zamani. Kopo halimalizwi, wala halioshwi. Hili la kutoosha lilimkera Hamira kuliko yote, maana alikuwa mtu wa usafi, na kila alipopita karibu na lile kopo mikono ilimwasha.

Mikate ya Mama Kesho ilikuwa ya mviringo, ya kahawia, na ilikaa siku nyingi bila kukauka. Mwanzoni waliinunua wageni wenzake. Kisha akanunua karani mstaafu, kwa siri. Kisha akanunua bila siri. Hamira aliapa kwamba hatatia mdomoni unga uliochacha, na aliendelea kuapa hivyo mpaka siku mkewe alipomkuta nyuma ya magunia, chembe za mkate zimejaa kwenye masharubu.

"Naukagua," alisema.

"Kagua, mume wangu. Umebaki nusu, umalizie kuukagua."

Baada ya hapo mambo yakajipanga yenyewe. Wakaanza kuoka pamoja, unga wote ukiumuliwa na donge la Mama Kesho, na mji ukarudi kula mkate. Hamira aliitangaza habari hiyo dirishani kana kwamba yeye ndiye aliyeota ndoto yake. Hakuacha kuwasema wageni, tabia haiachwi kwa siku moja, ila sasa aliongeza maneno mawili mwishoni: "Wageni wametumaliza. Huyu hayumo."

Sasa sikiliza yalivyoharibika.

Ilitangazwa kwamba wakimbizi wote watahesabiwa upya. Kila mtu awepo kambini, akae humo mpaka hesabu iishe, na asiyekuwepo atafutwa kwenye orodha, asipate chakula wala kibali. Lori la kuwachukua waliokuwa mjini lilifika mchana, bila kuarifu, likapiga honi barabara nzima. Mama Kesho alikuwa ndio kwanza amemaliza kukanda donge jipya na kulilaza kwenye beseni. Akafungasha kitenge, na kama ilivyo kawaida ya mwoka mikate akalionja donge kwa kidole kabla ya kutoka. Akakunja uso. Lilikuwa na chumvi kama bahari. Hamira alitia chumvi, na yeye akatia, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Huko nje honi ilikuwa inalia na wenzake wanamwita. Akakimbia, akapanda, na lori lilipoanza kwenda akapaza sauti:

"Baba! La leo tupa! La kesho nitunzie!"

"Nimesikia, mama!" Hamira alijibu akipunga mkono.

Na alisikia. Tatizo halikuwa masikio.

Yeye Mama Kesho alimaanisha: hili lililokandwa leo limeharibika, litupe, na lile kuukuu la jana, lililo koponi, nitunzie. Lakini katika maneno hayo hamkuwa na "nilikuja" wala "nitakuja" ya kumwongoza mtu. Hamira akasimama katikati ya duka, akaangalia kopo, akaangalia beseni, akapiga hesabu za mtu wa kawaida. La leo ni hili la koponi, limeshafanya kazi ya leo, limechoka, linanuka. La kesho ni hili la kwenye beseni, jipya, jeupe, la kuumulia mikate ya kesho. Jambo liko wazi kabisa.

Akalikwangua kopo kwa kijiko mpaka chini. Akawatupia kuku wa jirani, nao wakagombania mpaka hakikubaki kitu. Kisha, kwa raha ambayo hakuwa ameipata kwa miezi, akaliosha lile kopo. Akalisugua kwa majivu, akalisuuza kwa maji ya moto, akalianika juani kwenye kizingiti cha dirisha. Likang'aa. Hajawahi kumfanyia mtu kazi kwa uaminifu kama ule.

Sasa akabaki na donge la beseni, na donge halikuumuka. Siku ya kwanza akasema ni baridi, akalisogeza karibu na tanuri. Siku ya pili akasema limemkosa mwenyewe.

"Lina huzuni," alimwambia mkewe.

"Unga una huzuni?"

"Wewe huoni lilivyolala?"

Akalifunika kwa blanketi la kijivu, moja ya yale mapazia. Mkewe akamtazama akilichomekea pembeni. "Mimi nilipokuwa na homa ulinifunika hivyo?"

Jibu walikuwa wanalijua wote wawili. Kila asubuhi na kila jioni alitoa nusu ya donge akatupa, akaongeza unga mpya na maji ya uvuguvugu, kama alivyomwona mwenyewe akifanya alipotaka kulipa nguvu. Kulionja hakulionja. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, na cha kutunziwa hakionjwi. Mikate haikuokwa. Dirishani watu walikuja wakarudi, na Hamira aliwaambia donge linapumzika, wasilipigie kelele.

Mama Kesho alirudi baada ya siku kadhaa, asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, kidole kimepakwa wino wa hesabu. Alikuwa anacheka tangu mlangoni. Kisha akaliona kopo lake likimeremeta kwenye kizingiti, na kicheko kikakatika.

"Baba, la kesho liko wapi?"

"Hili hapa!" Hamira akafunua blanketi kama anayeonyesha mtoto. "Nimelilea, mama, hata usingizi sikupata."

"Hili ni la leo."

"La leo nilitupa. Si ulisema la leo nitupe?"

"La leo ni hili!"

"Hili la leo vipi, nalo ulisema ni la kesho?"

"La kesho lilikuwa koponi!"

"La koponi ni la jana!"

Neno hilo lilimtoka. Mkewe Hamira, aliyekuwa ameanza kucheka, aliacha. Hamira akaielewa habari nzima kwa mkupuo mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mjini hakuumuka. Alinywea. Shati likampwaya.

Mama Kesho alikaa juu ya gunia la unga. Hakulia. Alisema polepole, akiangalia lile kopo.

"Donge lile si langu. Ni la mama. Na yeye alipewa na mama yake. Miguu ya mama haitembei, baba. Siku tuliyokimbia alikaa mlangoni, akalikata, akalitia humu, akanifungia tumboni, ndani ya nguo, lipate joto. Akasema mimi niende. Njiani nikipata unga wa kuombaomba, nililisha donge kwanza, halafu mimi. Nilikuwa najiambia, likiwa hai nimemleta mama. Huko nyumbani sijui kama yupo. Nimewauliza wote waliokuja nyuma yangu. Hakuna aliyemwona."

Mkewe Hamira akaenda kukaa naye juu ya gunia, akamshika mkono wenye wino. Hamira alisimama akiwatazama kuku wa jirani kupitia mlango wa uani, na kama macho yangechinja, jirani angekula nyama siku hiyo. Alitamani atukanwe, mtu apige kelele, na hakuna aliyepiga. Maana yote aliyowahi kuyasema pale dirishani kuhusu watu waliokuja kuchukua vya wengine yalikuwa yanamrudia sasa moja moja, na yeye ndiye aliyekuwa na kijiko mkononi.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "Lakini mama, hili lilitoka kwa lile."

"Najua. Limekufa kwa chumvi."

"Nimelilisha."

"Umelilisha vipi?"

"Asubuhi na jioni. Natoa nusu, natia unga na maji. Nilidhani lina huzuni."

Mama Kesho akainua kichwa. "Nusu? Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi na chumvi ulikuwa unaitoa nusu," alisema, tayari ameshasimama.

Akapiga magoti kando ya beseni, akachovya kidole, akanusa, akakunja uso, akanusa tena. Aliomba maji ya uvuguvugu. Akakata kipande kidogo, akakichanganya na unga mwingi mpya, akakilaza kwenye beseni safi. Hamira akaleta lile blanketi bila kuambiwa. Mkewe akafunga dirisha, na waliokuwa wanasubiri mkate wakaambiwa waende, halafu wakakataa kwenda, maana mtaani habari ilikuwa imeshafika. Wabeba mizigo walikuwepo, karani mstaafu alikuwepo, wanawake wa kambini walikuwepo, na kwa jinsi walivyonong'ona ungedhani humo ndani kuna mama anayejifungua.

Siku hiyo ikapita, donge kimya. Hamira alikwenda kulitazama mara nyingi mno, mpaka mkewe akamwambia hata yeye angekataa kuumuka akitazamwa vile.

Kesho yake mchana Mama Kesho akafunua blanketi tena. Hakuita mtu. Hamira, aliyekuwa akijifanya anapanga kuni, akaja mwenyewe. Donge lilikuwa limenyanyuka. Si sana, upande mmoja tu, limeinamia ukuta wa beseni kama mtu aliyekasirika na kugeuza uso. Lakini juu yake palikuwa na matundu, na tundu moja lilikuwa linapumua.

Mama Kesho akachukua chembe, akaiweka kwenye ulimi. Akafumba macho.

"Mama kanuna," alisema, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu. "Lakini yupo."

Hamira akavua kofia yake yenye unga. Mzee huyu, ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kumsalimia mgeni yeyote kabla hajasalimiwa yeye, akainama juu ya beseni mpaka masharubu yakakaribia kugusa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mkewe alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Akasimama, akawatazama wote wawili na lile donge lililonuna.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba yake. "Haya, washeni tanuri, watu wana njaa huko nje."